Funda Chungu: Maisha ya Mohandas Karamchand Gandhi

Katika lugha ya Kihindi umo usemi ambao wazee wa hekalu letu huutumia mara kwa mara: kadva ghunt pina, yaani kunywa funda chungu. Husemwa juu ya mtu aliyeambiwa neno la kumchoma, naye badala ya kulitema akalimeza, kwa kuwa ametambua kwamba lina manufaa kuliko sifa. Majirani zetu hawahitaji kufafanuliwa sana. Wao wana mwarobaini katika nyua zao, mti uleule ambao sisi twauita neem, na wengi wao walipata kunyweshwa maji ya majani yake walipokuwa watoto wenye homa. Huko Maharashtra, Karnataka na Andhra, mwaka mpya wa Kihindu hupokewa kwa kuonja majani au maua ya mti huo pamoja na sukari guru, ili ulimi uujue mwaka kwa ladha zake zote mbili.

Vitabu vya kumbukumbu kama hiki aghalabu huweka picha ya Mahatma Gandhi yenye shada la maua, na chini yake aya mbili tatu za sifa. Safari hii tumeona afadhali tumsimulie kwa njia ya usemi huo: mafunda aliyoyanywa yeye, mafunda aliyowanywesha wengine, na yale ambayo sisi tunaomheshimu hatuna budi kuyanywa tusomapo habari zake.

Mohandas alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa bandari wa Porbandar, katika rasi ya Kathiawar, Gujarat. Baba yake, Karamchand, alikuwa diwani, yaani waziri mkuu wa himaya ndogo, kwanza Porbandar kisha Rajkot. Mama yake, Putlibai, alikuwa mcha Mungu wa kufunga saumu, ambaye katika majira ya mvua aliweza kukaa bila chakula mpaka jua lionekane. Nyumba ilikuwa ya jati ya Modh Bania, watu wa biashara. Alikuwapo mfagizi aitwaye Uka aliyekuja kusafisha choo, naye mtoto Mohandas aliamriwa asimguse. Akimgusa kwa bahati mbaya, ajitakase. Mtoto alitii, lakini moyoni hakuridhika, na mara kwa mara alijadiliana na wazazi wake juu ya jambo hilo. Msomaji amkumbuke Uka, maana habari zake zitarudi katika sura nyingine na kwa majina mengine mpaka mwisho wa maisha tunayoyasimulia.

Alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi, alikwangua kipande cha dhahabu katika kikuku cha kaka yake ili kulipa deni. Deni likalipika, lakini usingizi ukapotea. Akaandika ungamo katika karatasi, akaomba adhabu, akampelekea baba yake aliyekuwa mgonjwa kitandani. Alitazamia ghadhabu. Mzee akaketi, akaisoma ile karatasi, machozi yakamtiririka hata yakailowesha, kisha akaichana na kulala tena. Wengi wetu tumewahi kuisikia hadithi hii katika mafundisho ya watoto siku za Jumapili, nayo husimuliwa kama hadithi ya mtoto mwema. Sisi twaona kwamba mtendaji mkuu ndani yake ni baba. Yeye ndiye aliyepewa neno chungu kuhusu mwanawe, akalinywa kimya.

Mwaka 1888 kijana huyo, ambaye tayari alikuwa mume wa Kasturba tangu walipokuwa na miaka 13, alisafiri kwenda London kusomea sheria. Wazee wa jati yake mjini Bombay walimkataza kuvuka bahari, na alipokataa wakamtenga. Aliporudi mwaka 1891 akiwa wakili, hakupata kazi ya maana, na mara ya kwanza aliposimama mahakamani Bombay ulimi ulikauka akaketi bila kuuliza swali. Ndipo kampuni ya Dada Abdulla, wafanyabiashara Waislamu wenye asili ya Porbandar, ilipomwita Afrika Kusini kwa mkataba wa mwaka mmoja. Aprili 1893 aliondoka Bombay, na meli yake ikatia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Zanzibar, ambako alisubiri siku kadhaa apate meli nyingine ya kuendelea kusini. Pale Lamu nusura aachwe, kwa sababu mkondo wa maji ulikuwa mkali na mashua iliyomrudisha ilishindwa kukaribia ngazi. Mwambao wetu ndio ulikuwa Afrika ya kwanza kuiona.

Yaliyompata katika stesheni ya Pietermaritzburg usiku wa tarehe 7 Juni 1893 yanajulikana na kila mtu: alikuwa na tiketi ya daraja la kwanza, akatolewa garimoshini kwa sababu ya rangi yake, akakaa usiku kucha katika baridi. Lisilosimuliwa sana ni alilolifanya baada ya kufika Pretoria. Aliwaita wafanyabiashara wa Kihindi wa mji ule, wengi wao Wamemoni, ili wazungumzie hali yao chini ya utawala wa Wazungu, na hiyo ikawa hotuba ya kwanza ya maisha yake. Walitazamia awatetee. Aliwatetea baadaye, kwa miaka 20 na zaidi. Lakini siku ile alianza kwa kuwaambia kwamba wafanyabiashara wasidhani ukweli na biashara havikai nyumba moja, kwamba nyumba na maduka yao yalikuwa machafu, na kwamba walikuwa wamegawanyika kwa dini na majimbo wakati madhila yao ni mamoja. Aliendelea hivyo Durban. Wazungu wa Natal walipowashutumu Wahindi kwa uchafu, yeye alikanusha uzushi uliokuwamo, kisha akaingia nyumba kwa nyumba kuwahimiza wenziwe juu ya vyoo na takataka. Kuna waliomsikiliza kwa adabu, kuna waliomtukana, na wengi hawakufanya lolote. Alijifunza huko kwamba ni rahisi watu wakusaidie kudai haki kuliko kukusaidia kufagia ua. Waswahili nao walikwisha kulisema: msema kweli hukimbiwa na rafiki zake.

Yeye naye hakusalimika, na funda lake lilitoka nyumbani. Katika nyumba yake ya Durban, mnamo mwaka 1898, waliishi pamoja nao makarani wa ofisi yake. Vyumba havikuwa na mifereji, hivyo kila chumba kilikuwa na chombo cha haja, na Gandhi aliamua kwamba yeye na mkewe ndio watakaovisafisha. Karani mmoja alikuwa Mkristo ambaye wazazi wake walikuwa wa wasioguswa. Kasturba, aliyelelewa kama wanawake wote wa jati yao, aliona kubeba chombo cha mtu yule ni jambo lisilovumilika. Akakibeba, lakini akilia, macho mekundu, akishuka ngazi. Mume hakutosheka na kubebwa. Alitaka kibebwe kwa uso wa furaha. Akamkemea. Mke akamjibu aibaki na nyumba yake. Akamshika mkono, mwanamke asiye na ndugu katika nchi ile, akamburuta mpaka langoni na kuanza kulifungua ili amsukume nje. Kasturba akamuuliza kama hana haya, akamkumbusha kwamba hana mzazi wala jamaa huku wa kumpokea, akamwambia alifunge lango watu wasije wakawaona. Akalifunga.

Habari hii tunaijua kwa sababu yeye mwenyewe aliiandika katika kisa cha maisha yake, robo karne baadaye, wakati alipokuwa mtu mashuhuri kupita wote katika Bara Hindi na hakuna aliyemdai. Tukiitazama kwa haki, twaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na dawa ya mwenzake. Mume alikuwa sahihi kuhusu chombo cha karani, na mke alikuwa sahihi kuhusu mume.

Hapa tunafikia jambo ambalo baadhi ya vitabu vya sifa hulipita mbio, nasi hatupendi kulipita, kwa kuwa kitabu hiki kinasomwa pia na majirani ambao babu zao walikuwa Waafrika chini ya utawala uleule wa kikoloni. Katika miaka yake ya kwanza Afrika Kusini, Gandhi aliwatetea Wahindi kwa kuwatofautisha na Waafrika. Aliandika maneno ya kuwadharau Waafrika, akitumia jina la dharau lililotumiwa na Wazungu wa wakati ule. Mjini Durban ofisi ya posta ilikuwa na mlango mmoja wa Wazungu, na mwingine wa Wahindi pamoja na Waafrika. Chama alichokiongoza, Natal Indian Congress, kilidai mabadiliko, na matokeo yake ukatengwa mlango wa tatu ili Wahindi wasiingie pamoja na Waafrika. Hata alipofungwa gerezani Johannesburg mwaka 1908, aliandika kwa chuki kuhusu kuwekwa pamoja na wafungwa Waafrika. Mwaka 2016 sanamu yake ilisimikwa katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon. Wahadhiri wakaipinga kwa sababu ya maandishi hayo, na Desemba 2018 ikaondolewa. Wapo Wahindu waliochukia. Sisi twaona wahadhiri wale walikuwa na haki ya kuuliza, kwa maana maandishi waliyoyataja ni ya kweli.

Ni kweli pia kwamba hakubaki alipokuwa. Mwaka 1906, Wazulu wa Natal walipoinuka chini ya Bambatha kupinga kodi, Gandhi aliongoza kikosi kidogo cha Wahindi wa kubeba majeruhi upande wa serikali. Alikwenda akiamini kwamba ni wajibu wa raia wa himaya. Akakuta kwamba majeruhi wake wakubwa walikuwa Wazulu, wengi wao waliochapwa mijeledi wakaachwa na vidonda vikioza, ambao Wazungu hawakutaka kuwatibu. Akaviosha vidonda vile kwa siku nyingi, huku akisikia bunduki zikilia asubuhi katika vijiji visivyo na silaha, akatambua kwamba aliyoyaona hayakuwa vita bali msako wa watu. Mei 1908 alizungumza Johannesburg juu ya nchi ya baadaye ambayo jamii zote zingechangamana na kuzaa ustaarabu mpya. Hakuwahi kuunganisha harakati zake Afrika Kusini na zile za Waafrika, na hilo halifutwi na hotuba. Lakini miaka baadaye, viongozi wa Kiafrika waliopigania uhuru walichukua kwake silaha ya kukataa kutii bila kupiga, wakaitumia kwa faida ya watu wao, wakijua vizuri yale aliyoyaandika ujanani.

Alirudi Bombay tarehe 9 Januari 1915, akiwa na miaka 45. Gopal Krishna Gokhale, aliyemhesabu kuwa mwongozi wake katika siasa, alimtaka azunguke nchi mwaka mzima, atazame na kusikiliza, asitoe rai hadharani. Kwa mtu aliyezoea kuongoza, hilo nalo lilikuwa funda, alilinywa. Mei mwaka uleule alianzisha ashramu huko Kochrab, Ahmedabad, kwa fedha za matajiri wa mji. Miezi michache baadaye ikaomba kuingia familia moja ya wasioguswa: Dudabhai aliyekuwa mwalimu, mkewe Danibehn, na binti yao mdogo Lakshmi. Gandhi akawapokea. Mwenye kuendesha kisima akawatukana na kudai kwamba matone ya ndoo zao yanamnajisi. Michango ikakatika kabisa. Ndani ya ashramu kwenyewe Kasturba na wanawake wengine hawakupendezwa. Gandhi akajiandaa kuhamishia ashramu yote katika mtaa wa wasioguswa, waishi kwa kazi za mikono. Kabla ya hapo, tajiri mmoja alifika kwa motokaa, akasimama nje, akamkabidhi noti za rupia 13,000, akaondoka. Kisima kikatulia, baada ya Dudabhai kuvumilia matusi bila kujibu. Lakshmi baadaye alilelewa na Gandhi kama binti yake.

Februari 1916 alialikwa Banaras, kwenye sherehe za kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Kihindu. Gavana Mkuu, Lord Hardinge, alikuwa amekuja kuweka jiwe la msingi. Maharaja walijaa jukwaani wakimeremeta kwa vito. Jana yake Gandhi alikuwa amekwenda kuabudu katika hekalu la Vishwanath, naye alilijua tangu mwaka 1902 alipolizuru mara ya kwanza na kuikuta njia yake ikiteleza kwa uchafu. Aliposimama kuhutubu aliuliza kama vichochoro vinavyozunguka hekalu takatifu namna ile, vikiwa vichafu namna ile, haviwi picha ya tabia yetu sisi wenyewe. Akauliza kama watu wasioweza kutunza hekalu lao wataweza kujitawala. Kisha akawageukia maharaja na vito vyao, akavihusisha na jasho la wakulima. Annie Besant akamkatiza. Wanafunzi wakapiga kelele aendelee. Maharaja wakainuka mmoja mmoja wakaondoka, mwenyekiti naye akaondoka, na mkutano ukavunjika. Sisi tunaoandaa sherehe za hekalu, pamoja na wageni rasmi na hotuba zake, hatuwezi kuisoma habari hii bila kumhurumia kidogo mwandalizi wa siku ile.

Champaran mwaka 1917, Kheda mwaka 1918, safari ya chumvi ya mwaka 1930 kutoka Sabarmati mpaka Dandi: hayo yamo katika vitabu vya shule, nasi hatutayarudia. Tutataja moja tu. Tarehe 4 Februari 1922, katika kijiji cha Chauri Chaura, umati uliokuwa ukiandamana kwa jina lake ulichoma kituo cha polisi, na polisi 22 wakafa ndani yake. Harakati za kutoshirikiana na serikali zilikuwa zimefikia kilele. Maelfu walikuwa gerezani, akiwamo Jawaharlal Nehru. Gandhi akazisimamisha zote. Wenziwe walighadhibika, wakamwona ametupa ushindi uliokuwa mkononi. Yeye alifunga siku tano, akakubali kwamba aliita umma usiokuwa tayari, na mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka sita.

Funda kubwa kuliko yote alilinyweshwa na mtu ambaye mwanzoni hakumjua. Bhimrao Ramji Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Mahar, miongoni mwa wasioguswa. Shuleni aliketi mbali na wenzake na hakuruhusiwa kugusa chombo cha maji. Alisoma mpaka akapata shahada za uzamivu katika vyuo vikuu vya Columbia na London. Walipokutana Bombay Agosti 1931, Gandhi alidhani anazungumza na Brahmini mwenye huruma. Ambedkar alimweleza wazi kwamba mtu anayehesabiwa duni kuliko mbwa na paka, anayenyimwa hata maji ya kunywa, hana nchi ya kuiita yake. Mwaka uliofuata Waingereza walitangaza kwamba wasioguswa watachagua wawakilishi wao peke yao. Ambedkar alikuwa ameyapigania hayo. Gandhi, akiwa gerezani Yerwada, aliona kwamba yatawatenga na Wahindu wengine milele, akaanza kufunga mpaka kufa tarehe 20 Septemba 1932. Ambedkar akawekwa mahali pagumu: kama Gandhi angekufa, damu ingemwagika, na damu hiyo ingekuwa ya wasioguswa vijijini. Tarehe 24 Septemba mapatano yalitiwa saini Pune. Viti vilivyotengwa viliongezeka kutoka 71 hadi 148, lakini uchaguzi ukawa wa pamoja. Siku zile funda chungu lilinywewa na Ambedkar, na hakuacha kulisema mpaka mwisho. Mwaka 1956 aliuacha Uhindu akawa Mbudha, pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake.

Gandhi alitoka katika mapatano yale akiwa mtu mwenye deni. Zilianzishwa gazeti na jumuiya kwa ajili ya wale aliowaita Harijan, watu wa Mungu, jina ambalo wenyewe wengi leo hulikataa na kujiita Dalit. Tangu Novemba 1933 hadi katikati ya mwaka 1934 alizunguka nchi akidai kwamba mahekalu, visima na shule vifunguliwe kwa wote. Wahindu wenye msimamo mkali walimpokea kwa bendera nyeusi. Deoghar waliishambulia motokaa yake, na Pune bomu lilitupwa katika gari walilodhani yumo. Katika ujana wake wa kisiasa alikuwa ameutetea utaratibu wa tabaka nne, hata marufuku ya kula na kuoana nje ya jati. Ambedkar alimwambia, katika maandishi na uso kwa uso, kwamba hauwezi kuondoa kutoguswa ukaiacha jati. Gandhi alibishana naye miaka mingi, na mahali fulani katika miaka hiyo, polepole kupita kiasi, aliimeza hoja ile. Kufikia mwaka 1946 alikuwa ametangaza kwamba Sevagram haitafungwa ndoa ila mmoja wa maarusi awe wa jamii zilizotengwa.

Tarehe 12 Novemba 1936 Maharaja wa Travancore aliyafungua mahekalu ya dola yake kwa Wahindu wote. Januari iliyofuata Gandhi aliyazuru, akaingia pamoja na watu ambao mababu zao hawakuruhusiwa hata kupita njia za karibu. Lakini Puri haikufunguliwa. Machi 1938 alikuwa karibu na hapo, huko Delang, katika mkutano. Kasturba, pamoja na Durgabehn, mke wa katibu wake Mahadev Desai, walikwenda Puri kuona bahari. Walipofika, wakaingia katika hekalu la Jagannath. Mwanamke wa Kihindu aliyezeeka, akiwa hatua chache mbali na mlango ambao mamilioni hutamani kuufikia mara moja tu maishani, tunauelewa moyo wake vizuri. Waliporudi na habari ikajulikana, Gandhi alishikwa na huzuni hata shinikizo la damu likapanda na madaktari wakaogopa. Alisema mbele ya wote kwamba mke wake ameingia mahali ambapo mabinti wa Uka hawaingii. Hata hivyo lawama hakumtwika yeye. Alijitwika mwenyewe na Mahadev, waliokwenda nchi nzima kuwahubiria wageni wakasahau kuwaeleza wake zao. Mahadev alijiona ameadhibiwa kupita kosa, akaandika barua ya kujiuzulu. Gandhi hakuikubali, na jambo lote likachapishwa katika gazeti lao ili kila mtu alisome. Kasturba hakujitetea. Alikubali kwamba alikosea. Mwaka 1939, alipoombwa kufungua hekalu la Laxminarayan lililojengwa Delhi na familia ya Birla, Gandhi aliweka sharti kwanza kwamba litakuwa wazi kwa kila jati.

Sevagram, karibu na Wardha, kulikuwa na desturi ya kumpa kila aliyeketi kula chatini ya majani ya mwarobaini yaliyosagwa. Wageni waliotoka mbali kumwona Mahatma walikuwa wakiitazama kwa hofu. Yeye aliila yote.

Kasturba alifariki tarehe 22 Februari 1944 wakiwa kifungoni katika jumba la Aga Khan, Pune; Mahadev alikuwa ametangulia palepale mwaka 1942. Mwaka 1947, nchi ikikaribia kugawanyika na majirani wakichinjana, Gandhi alikaa Delhi katika uwanja wa hekalu la Valmiki, mtaa wa wafagizi, watu wa kazi ya Uka. Kila jioni palikuwa na sala ya hadhara, ikiwa na nyimbo za Kihindu, maneno ya Kibudha na ya Kikristo, na aya za Kurani. Aprili mwaka ule walisimama watu, baadhi yao wakimbizi waliopoteza jamaa zao huko Punjab, wakapinga Kurani kusomwa ndani ya hekalu. Hakuwaita wapumbavu. Alikataa kuiondoa sehemu ile na kubakiza nyingine; akaivunja sala yote na kuingia ndani. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Baada ya siku kadhaa wapinzani walinyamaza na sala ikasomwa nzima.

Januari 1948 alifunga kwa mara ya mwisho, akiwadai Wahindu na Masingasinga wa Delhi waihame misikiti waliyoikalia, na Waislamu waachwe wakae na kutembea kwa amani. Nje ya nyumba wapo waliopiga kelele kwamba afe. Viongozi wa jamii zote walitia saini, naye akafungua tarehe 18. Tarehe 20 bomu lililipuka karibu na sala yake. Tarehe 30, saa kumi na moja jioni na dakika kadhaa, akiwa amechelewa kidogo, alikuwa akielekea kwenye sala katika bustani ya Birla House akiegemea mabinti wawili, ndipo Nathuram Godse, Mhindu aliyeamini kwamba anautetea Uhindu, alipomwinamia na kumpiga risasi tatu.

Majivu yake yaligawanywa na kutiwa katika mito mingi. Sehemu mojawapo ililetwa Afrika Mashariki mwaka 1948, ikamwagwa Jinja, Uganda, mahali Nile inapotoka ziwani kuanza safari yake ya kaskazini. Pana sanamu yake ndogo pale, na watu wa dini zote husimama kuitazama kabla ya kupanda mashua.